Kuku Asiyefungwa Miguu

Nyie mabinti mlioolewa na wanajeshi, leo naomba mnisikilize, maana mmenichosha. Haipiti wiki bila mmoja wenu kuja hapa barazani kwangu kashika tama. "Shikamoo Mama Idi. Mama, mji huu mimi siuwezi." Marahaba mwanangu. Huuwezi, umeujaribu lini? Umeshuka kwenye basi Jumatatu, leo Alhamisi, hata wanakouza vitunguu hupajui, tayari mji umeshakushinda! Mara upepo, mara vumbi, mara majirani wanaongea Kinyaturu. Sasa hapa Singida ulitaka waongee nini, Kichina?

Mume wangu alipostaafu jeshi walimpigia bendi. Wakamvisha shada, watu wakala pilau, mkubwa mmoja akasimama akasema sajenti huyu ameitumikia nchi yake. Mimi nimekaa mstari wa mbele na kitenge changu kipya, nangoja na jina langu litajwe. Wapi! Nchi hii tumeizunguka, na kila nyumba tuliyoingia mimi ndiye niliyeifungasha na mimi ndiye niliyeifungua. Yeye akifika anauliza tu, "Chai iko wapi?" Basi na mimi nimestaafu. Bendi sikupigiwa, hata debe sikupigiwa, lakini kazi nimeifanya, na ni kazi kama kazi nyingine, ina ufundi wake. Kazi yenyewe ni kuhamia.

Aliyenifundisha ni Mama Shaibu, mke wa sajenti meja, kwenye kambi yetu ya kwanza kabisa. Mwanamke mfupi, mkali, sauti yake inafika kabla yake. Alinikuta nimekaa juu ya godoro katikati ya chumba, nina mimba ya Idi, nalia. Hakuniuliza ninalilia nini. Alisema, "Inuka. Chumvi iko kwenye boksi gani?" Sikujua. Tukafungua maboksi yote kutafuta chumvi, na hilo ndilo likawa somo la kwanza: vitu vya kupikia mlo wa kwanza vinapanda kwenye lori mwisho, ili vishuke mwanzo. Chumvi, kiberiti, sufuria moja, mwiko, unga, majani ya chai. Nyumba mpya ikinukia chakula, watoto wanatulia. Andika kilichomo ubavuni mwa boksi, siyo juu, kwa sababu yakishapandana, juu hupaoni. Vyombo vya udongo fungia kanga, usifungie magazeti. Kanga utavaa, magazeti utatupa. Pazia litundikwe siku hiyohiyo, hata kwa kamba ya kiatu. Na usithubutu kumwachia mwanaume afungashe jiko. Baba Idi nilimwachia mara moja tu, akanitilia mafuta ya taa na unga wa sembe kwenye ndoo moja. Eti anabana nafasi. Ugali wa wiki nzima ulikuwa unanuka koroboi.

Siku hizi ninyi mna magari ya kukodi yenye turubai zuri, mna maboksi mapya, mnapiga picha kila chumba kwa simu. Sikatai, ni maendeleo. Lakini akili hazipigwi picha. Mwaka jana si alikuja hapa mke wa koplo mmoja na sofa lile la kona, kubwa kama kitanda cha hospitali. Nikamwuliza, mwanangu, mlango wa kota umeupima? Akacheka, akasema, "Mama, litaingia tu." Wakang'oa mlango. Halikuingia. Wakang'oa na fremu. Halikuingia. Mpaka leo sofa liko nje kwenye kibaraza, linakula vumbi la Singida asubuhi na jioni, na binti anakaa ndani kwenye mkeka. Tena ananiambia mji huu mgumu. Mji umekukosea nini? Mji ndio ulionunua sofa?

Haya. Kati ya sheria zote za Mama Shaibu, kubwa ilikuwa hii: usimiliki kitu kisichoingia kwenye lori. Usipande mti wa matunda, panda mchicha. Mchicha utaula kabla barua ya uhamisho haijafika, embe watakula wenzio. Usifuge. Usipigilie misumari ukutani, utaondoka utaiacha. Na majirani wapende kwa kiasi, usije ukashindwa kupanda gari. Nilizishika sheria hizo kwa miaka mingi na zilinisaidia, siwezi kusema uongo. Tulihama, tukahama tena, na mimi sikuwahi kulia tena juu ya godoro.

Ila kuna kitu Mama Shaibu hakuniambia, labda na yeye hakukijua. Watoto nao wanasikia.

Mwanangu wa mwisho ni Zuhura. Tulipohamia huku kutoka Songea alikuwa darasa la tatu, kaka zake wawili wako bweni, kwa hiyo tulikuwa watatu tu kwenye lori: mimi, yeye na baba yake, pamoja na makorokoro yetu. Kule Songea alikuwa na rafiki yake wa chanda na pete. Siku ya kuondoka walishikana hapo nyuma ya lori mpaka dereva akashuka kuwaachanisha. Kuanzia Songea, Iringa, Dodoma, mpaka tunaingia Manyoni, mtoto hajafungua mdomo. Nikasema amechoka, atazoea. Wote tumezoea.

Kota zilikuwa zimejaa, tukapewa nyumba uraiani, pembeni ya mji, upande wa kwendea Mtinko. Nyumba ya bati, vyumba vitatu, uwanja mkubwa, mawe makubwa nyuma ya choo, na upepo, eeh, huo upepo wenu mnaoulilia. Nilianza kazi palepale. Chumvi ikashuka mwanzo, uji ukaiva, pazia likapanda. Kitanda cha Zuhura nikakifunga kabla ya changu. Nikamwambia, "Haya mama, toa nguo zako uzipange kabatini."

Akasema, "Hapana mama. Zikae tu kwenye begi."

Nikadhani ni uvivu. Kumbe siyo. Kila asubuhi alikuwa anafungua zipu, anatoa nguo ya siku hiyo, anafunga zipu. Nguo ikifuliwa ikikauka, anaikunja, anairudisha begini. Daftari zake begini. Mswaki begini! Nikimwuliza kwa nini, ananitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Si tutahama?"

Shuleni mwalimu akaniita. Akasema mtoto hana matata, anasoma vizuri, lakini anakaa dawati la mlangoni peke yake, na wenzake wakimwita kucheza anawaambia, "Mimi nitaondoka." Mwalimu akaniuliza, "Mnaondoka lini, mama?" Tumefika juzi!

Nilitumia ufundi wangu wote. Nikampikia chapati za nazi, na nazi Singida uitafute kama dawa. Nikampeleka ziwani kuangalia wale ndege wekundu, heroe. Akawatazama, akaniuliza kama na wao wanahama. Nikamwambia ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, basi. Nikapandwa na hasira, nikagomba, nikamwambia toa nguo kwenye hilo begi au nitalichoma moto. Akaanza kuzitoa moja moja, machozi yanamtiririka kimya, nikashindwa mimi, nikamwambia acha. Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama pale kwenye mawe. Niliogopa, wanangu. Nguo siyo tatizo. Nilikuwa naona mtoto wa miaka tisa ameamua kwamba hataki mtu yeyote duniani, kwa sababu kila mtu ni wa kuachwa. Alikuwa ameijua kazi yangu kunishinda mwenyewe.

Baba yake nikimwambia, anasema, "Atazoea, huyo ni mtoto wa jeshi." Halafu akaitwa kikazi, akaondoka, akatuacha na upepo.

Jirani yetu alikuwa Mama Njiku. Mama wa makamo, mkulima, analima mtama na alizeti, kuku wake wametapakaa mpaka uwanjani kwetu. Mimi naye tulikuwa tunasalimiana kwa kiasi, kama sheria inavyotaka. Yeye alikuwa anamwona Zuhura anakaa peke yake kwenye jiwe kila akitoka shule. Siku moja narudi sokoni nakuta mtetea mwekundu, mnene, anatembea jikoni kwangu kama mwenye nyumba.

"Zuhura! Kuku wa nani huyu?"

"Wa Mama Njiku. Amenipa nimlee. Akitotoa tunagawana vifaranga, nusu yake nusu yangu. Kuku anabaki kuwa wake." Nikasimama na kikapu changu kichwani. Ilikuwa ni sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu Songea.

Hiyo ndiyo desturi ya huku, na wengi wenu hamuijui kwa sababu hamtoki ndani. Mtu akikupa kuku, au mbuzi, au hata ng'ombe umlee mkagawane mazao, hajakupa nyama. Amekufunga. Huyo siyo wako kwamba umuuze, siyo wake kwamba asahau. Lazima muulizane hali kila siku. Mimi nilijua sheria yangu inasemaje kuhusu kufuga, na nilitaka kumrudisha yule kuku siku ileile. Mavi yake tu! Alikuwa anaingia mpaka chumbani. Lakini mtoto alikuwa anaongea. Anaongea na kuku, sawa, ila anaongea.

Halafu kuku akaanza kutafuta pa kutagia. Akakataa boksi, akakataa kikapu. Unajua alipopapenda? Kwenye begi. Zuhura alitoa nguo zote, akazirundika kitandani, akatandika majani makavu ndani ya begi, na kuku akaingia akatulia. Nguo nikazipanga kabatini mwenyewe, haraka, kabla mtu hajabadili mawazo, nikafunga mlango wa kabati nikaegemea hapo nikacheka peke yangu. Kila kuku akitaga, mtoto anakuja mbio jikoni kunionyesha yai likiwa la moto bado. Akaenda mwenyewe kwa Mama Njiku kuuliza kuku anakula nini, anaumwa nini, anaanza kulalia lini. Nikampigia simu baba yake, nikamwambia, "Baba Idi, mwanao amechangamka, amepewa kuku."

Mimi nilisema maneno mengi kwenye ile simu. Yeye alichosikia ni kuku.

Akarudi Jumamosi. Mimi niko sokoni, Zuhura yuko kwenye masomo ya ziada shuleni. Mwanaume ameingia nyumbani ana njaa, anamkuta mtetea mnene, mpole, hakimbii, anamfuata miguuni. Na Baba Idi ana elimu yake: kila tulikohamia majirani walituletea kuku wa kutukaribisha, na kwake yeye ukiletewa kuku ukamwacha anazurura, umemdharau aliyekuletea. Basi akamkamata. Akamchinja, akamnyonyoa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akapika mwenyewe. Miaka yote hajui chumvi inakaa wapi, siku hiyo aliijua!

Ninarudi, nafungua mlango wa uwani, harufu inanipokea. Nikaona manyoya mekundu kwenye beseni. Nikatua kikapu.

"Karibu mama," anasema, mwiko mkononi, kifua mbele. "Leo pumzika."

"Umefanya nini wewe mwanaume?"

"Nimepika."

"Umempika nani?"

Wanangu, nilimsema siku hiyo. Yote yaliyokuwa tumboni tangu kambi ya kwanza niliyatoa, na ule unga wa mafuta ya taa nao niliutoa. Alikuwa anasema tu, "Sasa mimi ningejuaje? Ningejuaje?" Na wakati tunarushiana maneno, Zuhura ameshaingia, amesimama pale mlangoni na mkoba wa shule mgongoni, anaangalia beseni.

Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Alipita katikati yetu akaingia chumbani, na sisi tukamfuata kama watoto wake. Akayatoa mayai kwenye begi moja moja, akayaweka kwenye sufuria ndogo juu ya kitambaa. Akakung'uta majani. Akafungua kabati, akazichukua nguo zake, akaanza kuzikunja. Alikunja vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Akafunga zipu. Ndipo akamgeukia baba yake, akamwuliza kwa adabu zote, "Baba, tunahama lini tena?"

Nimeishi na Baba Idi miaka mingi, nimemwona anarudi kutoka kwenye mambo ambayo hajawahi kunisimulia. Sijawahi kumwona vile. Alikaa chini kwenye sakafu, na aproni yangu kiunoni. Wala ule mchuzi haukuliwa.

Mama Njiku hakuhitaji kuitwa, kelele zangu zilikuwa zimefika Mtinko. Aliingia, akatazama beseni, akatazama sufuria jikoni. Baba Idi akasimama kikakamavu, akampa shikamoo, akasema, "Mama, nimekosa. Kesho nakwenda mnadani, nakuletea jogoo mkubwa kuliko wote."

"Jogoo wa nini?" akasema Mama Njiku. "Mimi nimesema sina jogoo?"

"Nilidhani mmetuletea kitoweo cha ukaribisho."

"Sajenti, kuku wa kitoweo tunamleta amefungwa miguu, na tunampa mama mwenye jiko. Huyu nilimleta kwapani, miguu yake haina kamba, nikampa mtoto mkononi. Kuku anatembea nyumbani kwako hana hata alama ya kamba mguuni, wewe ukaona kitoweo? Jeshini mnafundishwa kuangalia nini?"

Nilitamani kumpigia makofi. Baba Idi akainama. Mama Njiku akamwacha hapo akaenda kwa Zuhura, akapiga magoti karibu na ile sufuria. Akachukua yai, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akalitikisa kidogo sikioni. Akachukua la pili. "Haya hayajaharibika," akasema. "Mtoto ameyaweka vizuri. Lakini yai halisubiri sana. Yakipita siku chache bila kulaliwa, ndiyo basi. Na kwangu sasa hivi kuku wote wana vifaranga, hakuna anayetaka kulalia."

Zuhura akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo yatakufa?"

Mama Njiku akanyoosha kidole, siyo kwa mtoto, kwa sajenti. "Huyo aliyemchinja mama yao, ndiye atakayewatafutia mama mwingine. Atafute mtaa mzima. Na wewe ufuatane naye, kwa sababu yeye macho hana."

Zuhura alikataa kwanza. Alisema hajui watu. Baba yake akachuchumaa mbele yake akasema, "Na mimi siwajui. Twende hivyo hivyo." Nilimwona mtoto anatazama begi, anatazama mayai. Akavaa ndala zake.

Sasa picha yenyewe ndiyo hii. Jumapili asubuhi, mwanaume mrefu, na hakuwa na akili ya kuvaa nguo za kiraia, amevaa magwanda na buti, anabisha hodi nyumba hadi nyumba. Nyumba ya kwanza mama alimwona akafunga mlango. Ya pili, kijana mmoja aliruka ukuta akatokomea, sijui alikuwa na lake. Ya tatu mzee akatoka na vitambulisho vyote mkononi. Baba Idi anajaribu kueleza, "Natafuta kuku," na watu wanazidi kuogopa, maana askari anayetafuta kuku Jumapili asubuhi huyo ana shida gani? Mimi nawafuata kwa mbali, nimejitanda kanga mpaka puani, sitaki ijulikane ni mume wangu.

Nyumba ya nne Zuhura alichoka na aibu. Akamvuta baba yake suruali, akamwambia, "Baba kaa nyuma." Akasogea mwenyewe mlangoni. "Shikamoo bibi. Samahani, mna kuku anayelalia? Tuna mayai, mama yao amekufa."

"Marahaba mjukuu wangu. Amekufaje?"

Akamtazama baba yake. Akasema, "Ajali."

Basi kuanzia hapo milango ikawa inafunguka. Huku hawana, wanamwelekeza kule. Kule kuku amelalia lakini amejaza mayai yake. Nyumba nyingine wakampa karanga, nyingine wakamkalisha chini wakataka kisa chote kuanzia mwanzo, na alisimulia, nimesikia kwa masikio yangu, tena alivyosimulia buti za baba yake watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ya kwanza ikaisha bila kitu. Ya pili, baada ya shule, hivyo hivyo. Siku ya tatu Mama Njiku akaja akayaangalia mayai, akakunja uso. Zuhura hakula usiku ule, na mimi pia sikula. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni mayai ya kuku tu.

Siku ya nne walimpata, kwa fundi seremala mmoja nyuma ya msikiti. Kuku mweusi, mkali, amelala kwenye tenga chini ya meza ya kurandia, amelalia mayai mawili tu. Seremala akasema hana tatizo, ila kuku akianza kulalia hahamishwi. Ukimhamisha anasusa, mayai yanapoa, mnakosa yote. Lisikilizeni hilo mnaofuga. Kuku wa kulalia haguswi, mayai ndiyo yanapelekwa kwake, jioni giza linapoingia, na kila yai unaliwekea alama ya mkaa ili akitaga jipya ulitoe. Kwa hiyo mayai ya Zuhura yakabaki kule, kwa watu, chini ya meza ya fundi. Na seremala alikuwa na binti wa rika lake, Mwanaidi, mdomo kama cherehani. Mwanaidi akasema yeye atakuwa mlinzi wa mchana, lakini Zuhura lazima aje kila siku kuhakiki, siyo amtupie kazi.

Wiki tatu alikwenda kila siku. Asubuhi kabla ya shule anapita, mchana anapita, anarudi ana vumbi la mbao kwenye nywele. Akaanza kuniletea habari za mtaa mzima: nani kagombana na nani, mbuzi wa nani kala nguo za nani. Mwalimu akaniambia siku hizi hayuko dawati la mlangoni, amehamia kwa Mwanaidi, na sasa wanaongea mpaka anawatenganisha. Lile begi lilichukuliwa kubebea pumba kutoka mashineni, likarudi linanuka, nikalianika juani. Nguo sikuuliza ziko wapi. Nilizikuta zimetupwa kitini, nikanyamaza.

Ila siwafichi, moyo wangu ulikuwa juu. Kila siku nilikuwa najiuliza, na yasipototolewa? Kuku anaweza kususa, nyoka anaweza kupita, mayai yalikaa sana kabla ya kulaliwa. Nikamwuliza Mama Njiku. Akaniambia, "Mama Idi, hayo mimi na wewe hatuyawezi. Kaa tu." Mimi kukaa tu sijawahi kujifunza. Nilifua mapazia mara mbili wiki ile, na yalikuwa safi.

Siku yenyewe ilifika. Zuhura alitoka shule akapitiliza huko kwa seremala, hakuja kula. Saa tisa hajaja. Saa kumi hajaja. Saa kumi na moja Baba Idi amekaa barazani anajifanya anasafisha buti, buti moja saa nzima. Mimi nimepika, nimefunika, nimefunua, nimefunika. Jua linazama, adhana ya magharibi inaanza, upepo unapeperusha mabati, na mtoto hajaonekana. Nikasema yamekufa. Yamekufa yote, na mtoto amejificha mahali analia peke yake, na kesho tunaanza upya, na safari hii sina ufundi wowote uliobaki. Nikajifunga kanga kiunoni nikatoka.

Sikufika mbali. Kwenye kona ya duka nikasikia makelele, kundi la watoto wanakimbizana kwenye mavumbi, wanapiga mayowe. Katikati yao kuna mmoja hana ndala mguu mmoja, sare ya shule imechanika begani, uso mweupe kwa vumbi, ana kitu kimefumbatwa kwenye viganja na anakipeleka kwa kila mtu kukionyesha. Nikaita, "Zuhura!"

Na yeye, mtoto wangu ambaye tangu tufike alikuwa anaitika "abee" kabla sijamaliza kuita, wala hakugeuka. Alipiga kelele kuelekea nilipo, "Mama nakuja! Bado tunacheza!" Akakimbia upande mwingine na wenzake.

Nikasimama pale. Baba Idi akaja nyuma yangu anahema, akaniuliza, "Vipi? Analia?"

"Ametotolesha," nikasema. "Amepoteza ndala. Amechana sare. Magharibi imeingia yuko barabarani, na nimemwita amekataa kuja."

"Mwache basi, Mama Idi, leo usimgombeze."

Nimwache! Mwanaume huyu jamani. Miezi yote ile nina mtoto mnyamavu, safi, mtiifu, anayekunja nguo zake, hana hata kosa moja la kumgombeza. Nilikaza kanga yangu, nikaingia katikati ya wale watoto, nikamshika sikio mbele ya mtaa mzima, na nilimgomba, wanangu, nilimgomba kuanzia kwenye kona ya duka mpaka nyumbani, kwa sauti ambayo Mama Njiku alitoka nje kusikiliza, na machozi yananitoka kwa furaha, na yeye ananijibu.